Mkono wa Wasiojua

Kwa wiki tano nilimfundisha mtoto kuandika kwa mkono ambao si wake. Naanza na hilo kwa sababu humu nitawasema watu wengine, na sitaki msomaji adhani nilikaa pembeni nikiwatazama kwa macho safi.

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kuandika kile ambacho watu walikisema, si kile walichotaka kusema, na kuweka tarehe juu ya ukurasa. Nilipostaafu nilibaki hapa Babati, nyumbani kwangu Nangara, na ile tabia ikabaki na mimi. Nina daftari kubwa la jalada gumu. Ng'ombe wa jirani akiingia kwenye mahindi yangu, naandika alipita wapi na saa ngapi.

Siku moja kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya karibu na kwangu, mwalimu mkuu alisema watoto wa darasa la pili wasiojua kusoma wamekuwa wengi na mwalimu wao ni mmoja, hivyo mwenye nafasi ajitokeze. Sikuwa mzazi pale. Nilikuwa nimekwenda kwa sababu mkutano ulikuwa jirani na nina masikio. Nikanyanyuka, nikasema mimi ninayo nafasi, ila sijawahi kufundisha.

"Mama, umeandika hukumu za watu hadi ukastaafu," alisema mwalimu mkuu, watu wakacheka. "Utashindwa a, e, i, o, u?"

Tulikubaliana niende siku tatu kwa wiki, mchana, baada ya vipindi. Lakini kabla ya kupewa kikundi niliomba nikae darasani siku mbili tatu nione jinsi mwalimu anavyofundisha. Nilipewa deski la mwisho, karibu na dirisha. Mbele yangu alikaa binti wa miaka minane, mwembamba, mwenye sweta ya kijani iliyofumuka kiwiko. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo ulikuwa unashuka mlimani na kuingia kwenye vioo vilivyovunjika, na yule mtoto alikuwa ameingiza vidole ndani ya mikono ya sweta.

Mwalimu wao, ambaye watoto walimwita madam, aliandika sentensi ubaoni, akauliza nani asome. Darasa zima lilinyoosha mikono. Zima. Watoto watatu watatu kwenye deski moja, na hakuna hata mmoja aliyebaki ameinama. "Mimi madam! Mimi madam!" Madam akachagua, mtoto akasoma bila kukwama, wakampigia makofi. Akauliza tena, mikono ikapanda yote, akachagua mwingine, naye akasoma. Niliandika kwenye daftari langu: *Darasa zima linanyoosha mkono. Kwa nini basi wanasema hawajui kusoma?*

Swali zuri. Sikulifuata. Karani mzuri angelifuata.

Nilichokifuata ni kitu kingine. Binti wa mbele yangu kila mara alinyoosha mkono wa kushoto. Siku ya kwanza, kushoto. Siku ya pili, kushoto. Wakati wa kuandika alishika penseli kwa mkono wa kulia, akaibana kama anashika mpini wa jembe, herufi zake zikawa zinatetemeka na kuvuka mstari. Niliona na mikono mingine ya kushoto darasani, sikatai, lakini nilidhani ni watoto waliochoka mkono wakabadilisha. Huyu hakubadilisha hata mara moja. Nikaandika: *Binti wa dirishani ni mashoto. Wanamlazimisha kulia.*

Nina sababu ya kuandika hivyo. Mdogo wangu alikuwa mashoto, na mwalimu wetu alimchapa vidole kwa rula mpaka akajifunza kuandika kwa kulia, na mpaka anafariki mwandiko wake ulikuwa wa kuomba radhi. Hasira hiyo nilikuwa nayo tangu utoto, imekaa inasubiri mtu wa kumwangukia. Nilipomwona yule binti nikaona nimemshika mhalifu mkono mfukoni.

Nilipopewa kikundi changu, watoto saba, yeye akiwemo, jambo la kwanza nililofanya ni kuitoa penseli kwenye mkono wake wa kulia na kuiweka kwenye wa kushoto. Tulikaa kwenye kibaraza cha stoo ya majembe na mafagio, kwenye mabenchi mawili.

"Hapa kwangu utatumia mkono wako," nilimwambia. "Hakuna atakayekuchapa."

Alinitazama. Akatazama penseli. Akasema, "Haya, bibi."

Basi. Mtoto wa huku hambishii mtu mzima. Unamwambia kaa, anakaa. Unamwambia andika kwa mkono huu, anaandika. Sisi tunaita adabu na tunaisifia kanisani. Mimi nilimsifia.

Wiki ya pili nilimtafuta mama yake sokoni. Anauza samaki wa ziwani, perege na kambare, na nilimkuta anawapara, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Nilimweleza kwamba binti yake ni mashoto, na kwamba wasimkataze, hata nyumbani.

"Mashoto?" alisema. "Mama, mbona sijawahi kumwona?"

"Watoto wanaficha. Wanaogopa."

Alifuta kisu kwenye gunia. "Wewe ndiye msomi," alisema. "Nitamwambia ale anavyotaka."

Nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Nikaandika siku na saa.

Wiki zikaenda. Wenzake sita walianza kuunganisha silabi, ba na ba, ma na ma, mmoja mmoja, kwa jasho. Yeye alirudi nyuma. Herufi ambazo mwanzoni zilitetemeka sasa zilikuwa zinaanguka. Aliandika *a* ikaangalia upande wa pili. Alichafua mstari kwa kiganja. Nilijiambia ndivyo inavyokuwa. Mkono uliokandamizwa muda mrefu unahitaji subira. Nikamletea penseli nene. Nikamgeuzia daftari. Wiki ya tano nikamwambia, mbele ya wenzake, ili kumtia moyo, "Usione aibu. Hata mdogo wangu alikuwa mashoto."

Kulikuwa na binti mmoja kwenye kikundi mwenye pengo la meno ya mbele, msemaji kuliko wote. Akasema, "Bibi, huyu si mashoto."

"Ni mashoto. Nilimwona."

"Ulimwona wapi?"

"Darasani. Akinyoosha mkono, ananyoosha wa kushoto."

Walicheka mpaka benchi likayumba. Walicheka wakaangukiana. Mwenye pengo alishika tumbo. "Bibi jamani! Sisi wote hapa tunanyoosha kushoto!"

"Kwa nini?"

Kicheko kilikatika. Walitazamana. Nilijua mtazamo huo. Nimeuona kizimbani mara nyingi, shahidi akigundua amesema lililokuwa la ndani. Nikanyamaza, kwa sababu mahakamani nilijifunza kwamba ukinyamaza watu watajaza. Mwenye pengo akajaza.

"Madam ndiye alisema. Anayejua ananyoosha kulia. Asiyejua, kushoto. Wageni wakija tu, bibi, siyo siku zote."

"Halafu?"

"Halafu madam anachagua wa kulia."

Kwa hiyo mgeni nilikuwa mimi. Mwanamke mzee na daftari kubwa, amekaa nyuma: wangemchukulia kuwa nani? Siku zote zile darasa lilikuwa linanifanyia mimi, na mimi nikaandika kwamba darasa zima linanyoosha mkono.

Nilimgeukia binti mwenyewe. Alikuwa bado ameshika ile penseli nene, kwa kushoto.

"Mbona hukuniambia?"

Si mtoto wa maneno. "Nilidhani," akasema, "wasiojua wanaandika na huu."

Nimelikalia jibu hilo muda mrefu. Alidhani kuna mkono wa kuandikia wa wanaojua na mkono wa kuandikia wa wasiojua, na kwamba mimi, bibi wa wasiojua, nimekuja kuwafundisha kwa mkono wao. Na kwa akili yake ya miaka minane, baada ya yale aliyokwisha kufanyiwa, alikuwa na haki ya kudhani hivyo.

Siku hiyo hiyo nilikwenda sokoni kumwambia mama yake ukweli. Nilimweleza yote bila kujificha. Aliacha kupara.

"Mama mkwe wangu ana siku ya tatu hasemi na mimi," alisema. "Kwa ajili ya huo mkono. Mtoto anachota ugali kwa kushoto mbele ya babu yake, mimi namtetea, nasema mwalimu amesema. Bibi anafoka kwa Kigorowa mpaka jirani anachungulia. Kumbe hata si mashoto."

"Nisamehe."

Alishika kichwa cha kambare akakikata kwa pigo moja. Kisha akaniambia jambo ambalo sikumwuliza. "Mimi nina cheti cha darasa la saba, mama. Kipo nyumbani, kwenye sanduku. Kusoma sijui. Jina langu naliandika, basi. Miaka saba nilikaa kimya vizuri, hakuna aliyenisumbua." Akaosha kisu. "La tatu ndiko nilikopotelea. La tatu wanaandika ubao mzima, unanakili, unafuta, unanakili. Hakuna wa kukwambia hii ni *ba*. Huyu asiingie la tatu hivi. Hilo tu ndilo nakuomba."

Tulikuwa mwezi wa tisa. Shule ingefungwa mwezi wa kumi na mbili, na mwezi wa kwanza angekuwa la tatu. Nilimwahidi.

Kesho yake nilimkuta madam ofisini, anasahihisha madaftari yaliyopangwa sakafuni kwa sababu meza ilikuwa imejaa. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Nilimwuliza habari ya mikono. Hakukana.

"Nilipokuja niliikuta," alisema. "Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi tulifanya hivyo. Bibi, unajua wageni wakija wanafanya nini? Wanaangalia mikono. Mikono ikiwa michache wanasema mwalimu hafundishi. Hakuna anayeuliza hawa watoto ni wangapi."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto na wao wananyoosha. Hawajitengi. Mimi nikiwa mdogo nilifurahi, nikaona na mimi nimo."

"Wewe ulikuwa wa kushoto?"

Aliinua macho kutoka kwenye daftari. "La kwanza," alisema. "Baadaye nikahamia kulia."

"Nani alikuhamisha?"

Alivuta daftari lingine. "Baada ya wiki mbili, Alhamisi, tuna ugeni," alisema. "Ukitaka uje. Ila tafadhali, mama yangu, uje kukaa."

Nataka kuwa mkweli juu ya madam. Si mtu mbaya. Alikuwa anafundisha mpaka sauti inakauka, na chaki alinunua mwenyewe. Lakini hasira yangu haikupungua kwa kujua hivyo. Iliongezeka. Ukimpata mtu mbaya, unaye wa kumshika. Hapa kila niliyemshika alikuwa ameikuta.

Wiki mbili zile kabla ya ugeni nilianza upya na binti. Mkono wa kulia, penseli ya kawaida, herufi moja moja. Mkono ulikuwa umesahau hata ule ubaya wake wa kwanza. Lakini kichwa hakikuwa kimelala. Alipoacha kupigana na penseli, silabi zilianza kushikana. Alikuwa mzito, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: anasimama, anajaribu, anahamia. Ukimharakisha, anatumbukia. Ukimwacha, anavuka. Niliandika: *Anaweza neno zima. Anahitaji muda.*

Alhamisi ikafika. Darasa lilifagiliwa mara mbili, likanyunyiziwa maji. Wageni walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wana mafaili. Watoto waliinuka kwa pamoja na kuimba salamu, wakakaa kwa pamoja. Nilikaa deski langu la mwisho, na binti mbele yangu. Madam aliandika ubaoni kwa mwandiko mzuri: *Baba analima shamba la mbaazi.* Huku kwetu kila mtoto amepalilia mbaazi. Sentensi hiyo haikuwa na la kumshinda mtu.

"Nani atatusomea?" aliuliza mgeni mwenyewe, yule mwanamume.

Mikono ikapanda yote. Safari hii niliitazama kama nilivyopaswa kuitazama mwanzo. Niliona ya kulia michache mbele, ya kulia michache katikati, na kushoto, kushoto, kushoto, msitu wa kushoto mpaka ukutani. Mgeni alitabasamu. Alimnong'oneza mwenzake kitu, mwenzake akaandika. Na mbele yangu ule mkono mwembamba wa sweta ya kijani ukapanda, wa kushoto, baada ya yote tuliyofanya, kwa sababu amri ilikuwa bado amri.

Karani hasemi mahakamani. Katika kazi yangu yote niliona watu wakidanganya mchana kweupe na sikufungua mdomo hata mara moja, kwa sababu haikuwa kazi yangu. Siku hiyo nilifungua.

"Samahani, mheshimiwa," nilisema. "Mwite huyu wa hapa mbele yangu."

Madam alinitazama kwa macho ya mtu anayeona gari linakuja. Mgeni alisema, "Haya, yule binti wa dirishani."

Alisimama. Alishika ukingo wa deski. "Ba," akasoma. "Ba. Baba." Ilikuwa sahihi. "A," akasema. Akatazama. "Na. Ana." Mdomo wake ulikuwa unaendelea bila sauti, akiijaribu *li* kabla ya kuitoa, kama nilivyomfundisha. Mbele mtu akacheka puani. Mwingine akanong'ona, "Wa kushoto huyo." Mgeni aliangalia saa yake. Hakuiangalia kwa ubaya. Aliiangalia tu.

"Kaa," alisema madam haraka. "Nani amsaidie mwenzake?"

Mkono wa kulia wa safu ya kwanza uliisoma sentensi yote kwa pumzi moja. Makofi. "Darasa changamfu sana," alisema mgeni. "Hongereni." Wakaenda la tatu.

Alikuwa amesoma neno na nusu. Hakuwahi kusoma neno na nusu mbele ya mtu yeyote isipokuwa mimi, na kilichobaki kilikuwa mdomoni mwake, kinakuja. Aliketi, na mpaka kengele inalia hakugeuka nyuma.

Ningependa kusema nilifanya kwa ajili yake. Nimeisoma tena kumbukumbu yangu ya siku hiyo. Nilifanya kwa sababu nilikuwa na hasira na madam, na mwalimu mkuu, na wale wawili na mafaili yao, na nilitaka waone. Nilihitaji kielelezo. Nikachukua mtoto nikamweka mezani kama kielelezo.

Mwalimu mkuu aliniita mchana ule ule. Hakunikaribisha kiti.

"Mama, umetuvua nguo mbele ya watu."

"Nguo mlikuwa hamna, mwalimu. Mlikuwa na mikono."

"Unajua kusema, wewe. Haya. Kuhusu kikundi chako, tutasimama kidogo. Tutakuita."

Nilijua *tutakuita* ni nini. Nimewaambia watu wengi mahakamani neno hilo hilo. Watoto saba walibaki bila mtu kwa sababu nilishindwa kunyamaza dakika tano, na mkutano wa wazazi uliofuata hakuna aliyeulizwa tena kama ana nafasi.

Asubuhi yake, kabla sijamaliza kufagia uwanja, mama yake binti alifika. Alikuwa na ndoo tupu ya samaki.

"Shikamoo," alisema, kwa meno.

"Marahaba, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Ulikuwa na haki gani ya kumsimamisha? Jana hakula. Nikimwuliza ananiambia kichwa kinauma. Mwenzake ndiye aliyenieleza, yule mwenye pengo, na kaniigizia mpaka mgeni anavyotazama saa."

"Sikuwa na haki."

"Nilikuomba nini mimi? Asiingie la tatu hivi. Nilikuomba umwaibishe?"

"Hapana."

"Na sasa wamekufukuza."

"Wamesema wataniita."

Alicheka kwa hasira, akaweka ndoo chini. "Hata mimi waliwahi kuniambia. Basi sikiliza. Umevuruga, utatengeneza. Nitamleta hapa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, akitoka shule, na Jumamosi asubuhi. Nitakuja naye mwenyewe, nikae nikuone. Usimwite mtu. Usimwandike kwenye hilo daftari lako."

Hilo la daftari nililivunja, kama anavyoona msomaji. Mengine niliyatimiza.

Alikuja naye. Mwenye pengo naye alikuja bila kuitwa, na baada yake mmoja zaidi wa kikundi; wengine kwao ni Singe na Bonga, ni mbali kwa mguu mdogo. Tulikaa jikoni kwangu kwa sababu ya upepo. Wiki ya kwanza binti hakusoma chochote kwa sauti. Nilibandika karatasi kwenye vitu: mlango, sufuria, ndoo, chumvi. Nikaacha. Wiki ya pili, siku moja, alisimama mbele ya rafu muda ambao maharage yangeweza kuiva, kisha akasema, akiwa amenipa mgongo, "Chumvi." Hakuna aliyempigia makofi. Nilikuwa nimewakataza.

Mama yake alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akichambua mbaazi alizokuja nazo kwenye ungo. Alichambua ungo ule ule kila siku. Nilimwona midomo inacheza, akifuata. Siku moja karatasi ya *ndoo* ilianguka, akaiokota na kuibandika tena ilipotoka, na si penginepo. Sikusema kitu. Nilikuwa nimeanza kujifunza.

Kusema kweli, sikuimaliza ahadi yangu. Shule ilifungwa kabla hajafika nilipotaka. Aliingia la tatu akisoma sentensi fupi kwa muda mrefu, na kwenye fomu yake ya kufunga mwaka, ambayo mama yake aliniletea ili nimsomee, palikuwa na alama ya vema kwenye kila kisanduku. Anasoma, vema. Anaandika, vema. Nilimwuliza binti ni lini walimsomesha ili kumpima. Hawakumsomesha. Madam alikuwa na mafomu ya darasa zima na siku moja ya kuyajaza.

Mwezi wa kwanza, siku ya mkutano wa wazazi, mimi, binti na mama yake tulikuta karatasi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Ilikuwa taarifa ya ule ugeni, ina muhuri. Wazazi walikuwa wamejikusanya, wengi wakingoja mtu wa kuwasomea. Mwenyekiti wa kamati alisogea na miwani yake.

"Ngoja," mama yake binti alisema. Alimsukuma binti mbele, akamwonyesha kwa kidole chenye gamba la samaki. "Hapo juu. Soma."

Nilisoma mstari huo kabla yake, kimoyomoyo, na nilitaka kuubandua. Ulisema kwamba wanafunzi wote wa darasa la pili wanashiriki na wanasoma vizuri.

"Wa," alisema binti. "Na. Fu. Wanafu." Akasimama hapo, kwenye *nzi*, ambayo ni ngumu. Mwenyekiti alikohoa. Nyuma mtu akasema, "Mama, tuna mkutano," na mwingine, "Si asome mzee, twende?" Watu walianza kutusogelea mgongoni. "Nzi," alisema. "Wanafunzi." Akahamia neno la pili. "Wo. Te." Aligeuka akamtazama mama yake, siyo mimi. "Wote," alisema, "ni na sisi?"

"Wamesema ninyi," alijibu mama yake. "Endelea tuone wamesema nini."

Mwenyekiti alinyoosha mkono kushika karatasi aisome yeye, imalizike. Mama muuza samaki alisimama katikati ya huo mkono na ubao. Alikuwa na nusu ya kimo chake.

"Shikamoo baba," alisema. "Mwacheni amalize."

Mimi pia nilisimama pale, na daftari kwapani. Sikuandika. Jua lilikuwa limeshapanda, mkutano ulikuwa umechelewa, na mtoto alikuwa amefika kwenye *da* ya darasa.